Kadi ya Sauti Hupimwa kwa Kimya Chake

Hapa Uasin Gishu hakuna mtu anayenunua mahindi kwa kutazama gunia. Mnunuzi hupenyeza mkono ndani, akatoa punje mbili tatu, akaiuma moja kwa gego. Ikivunjika kwa mlio mkavu, mazungumzo ya bei yanaanza. Ikibonyea, muuzaji anaambiwa arudi akaanike. Kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao kipo kifaa cha kupima unyevu, na kiwango kinachokubalika, asilimia 13.5, wakulima wanakijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Lakini mtu yuyo huyo, akishauza mahindi yake na kuingia mjini Eldoret kumnunulia mwanawe kifaa cha sauti cha kompyuta, hununua gunia.

Jambo hili huonekana kila Jumamosi katika maduka ya vifaa vya elektroniki kando ya Barabara ya Oginga Odinga na vichochoro vinavyoungana nayo. Mteja huinua sanduku, akasoma tarakimu zake kwa sauti: biti 24, kilohezi 192, 7.1. Huuliza bei, akapunguziwa shilingi hamsini, akatuma M-Pesa, akaondoka. Hakuna waya uliochomekwa. Hakuna sikio lililotumika.

Kadi ya sauti, iwe ya kuchezea muziki au gemu, haipimwi kwa maandishi ya sanduku wala kwa mshindo wa besi dukani. Hupimwa kwanza kwa kimya chake: inatoa nini wakati haijaambiwa itoe chochote? Na familia nyingi za Eldoret zikikifanya kipimo hicho kwa uaminifu, zitagundua kwamba kadi iliyomo tayari ndani ya kompyuta inatosha, na kwamba pesa zilizokuwa ziende kwenye kadi mpya zina kazi nyingine ya kufanya.

Mji uliozaliwa na nambari

Pengine si ajabu nambari zina nguvu hapa. Kabla ya kuitwa Eldoret, mahali hapa palijulikana na walowezi kama 64, nambari ya shamba, na hata baada ya kupewa hati ya jiji Agosti 15, 2024, wenyeji hawajaacha kupaita Sisibo. Nambari ya shamba angalau ilimwonyesha mtu pa kwenda. Hizi za sandukuni zinamwonyesha nini?

Kadi ya sauti ni mkalimani. Muziki ndani ya kompyuta ni msururu mrefu wa tarakimu, na kadi huzigeuza kuwa umeme unaosukuma spika. Kwenye sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, tarakimu hizo husomwa mara 44,100 kila sekunde, kila moja ikiwa na biti 16, yaani viwango 65,536 vya kuchagua. Kasi hiyo hubeba kila mlio hadi kilohezi 22 hivi. Sikio la kijana mwenye afya huishia kilohezi 20, na la mzazi wake chini ya hapo. Kwa hiyo kadi inayojisifu kwa kilohezi 192 inaahidi milio inayofika kilohezi 96. Wa kuifaidi labda ni popo wa pango la Kitum, kule Mlima Elgon, na hao hawana kompyuta.

Biti nazo zina hesabu yake. Kila biti huongeza takriban desibeli sita kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoweza kuandikwa. Biti 16 hutoa desibeli 96. Biti 24 hutoa 144 kwenye karatasi, ingawa hakuna kadi inayofika huko, kwa kuwa vipande vya ndani vyenyewe vina kelele yake. Sasa chumba tulivu usiku huwa na kelele ya desibeli 30 hadi 40. Muziki ukipandishwa hadi desibeli 90, ambayo tayari ni sauti ya kugombanisha majirani, nafasi iliyobaki ni desibeli 50 au 60. Akiongezwa fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa Langas, nafasi hiyo inazidi kubana. Biti 24 zina maana kubwa wakati wa kurekodi, kwa sababu humruhusu anayerekodi kukosea kipimo cha sauti bila kuuharibu wimbo. Kwa msikilizaji tu, ni kama kununua tangi la lita elfu kumi kwa paa lisilojaza ndoo.

Kisha ipo hiyo 7.1. Maana yake ni spika saba na sabufa moja. Vifaa vidogo vya USB vinavyouzwa kwa shilingi mia chache vimeandikwa hivyo kwa herufi za kung'aa, ilhali vina tundu moja la hedifoni na jingine la maikrofoni. Spika nyingine zinachomekwa wapi? Ndani ya vingi vya vifaa hivyo mna chipu ya aina ya CM108 ya kampuni ya C-Media ya Taiwan, ambayo hutoa njia mbili za sauti, kushoto na kulia, kwa biti 16. Hizo saba ni kazi ya programu inayoigiza. Kifaa chenyewe si kibaya kwa bei yake, na kwa kipakatalishi kilichovunjika tundu la hedifoni ni mkombozi. Kinachosema uongo ni sanduku.

Zama ambazo kadi ilikuwa kila kitu

Imani kwamba kompyuta ni bubu mpaka inunuliwe kadi haikutoka hewani. Kuna wakati ilikuwa kweli tupu. Kompyuta nyingi za miaka ya 1980 zilikuja na kispika kimoja kilichojua kulia "biip" na basi. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, ikatoa kadi iliyotumia chipu ya Yamaha kuiga ala za muziki. Mwaka 1989 Creative ya Singapore, kampuni iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ikaleta Sound Blaster, iliyoongeza uwezo wa kucheza na kunasa sauti halisi, na kwa muongo mzima gemu nyingi ziliandikwa kwa kuifuata hiyo. Waliojifunza kompyuta enzi hizo wanakumbuka jioni nzima iliyopotea wakisaka mpangilio mmoja wa namba ili gemu ipate kutoa sauti. Hao leo ni wazazi, na ushauri wanaowapa watoto wao ni wa zama hizo.

Mambo yaligeuka kimyakimya. Intel ilitoa kanuni za AC'97 mwaka 1997, kisha zile za HD Audio mwaka 2004, na kazi ya kadi ikahamia kwenye chipu ndogo iliyogandishwa juu ya madabodi, mara nyingi ya kampuni ya Realtek. Windows Vista ilipowafikia wanunuzi Januari 2007 ilikata njia ambayo gemu zilitumia kuipelekea kadi sauti moja kwa moja, na tangu hapo gemu hujifanyia zenyewe hesabu za mwangwi na umbali. Neno "gemu" kwenye sanduku la kadi ya sauti leo hueleza zaidi rangi za taa zake kuliko kazi yake.

Kompyuta nyingi zinazouzwa Eldoret ni za mtumba, zile wauzaji wanazoziita ex-UK: OptiPlex za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Zilitengenezewa ofisi, na chipu zake za sauti hakuna aliyewahi kujigamba nazo. Zikiwa nzima, hucheza muziki wa kiwango cha sidii bila aibu. Zinapoharibika, aghalabu kosa liko njiani: tundu lililolegea kwa miaka mitano ya kuchomekwa na kuchomolewa, au ule waya mwembamba unaotoka kwenye madabodi hadi tundu la mbele ya kasha ukipita jirani na feni na kadi ya picha. Kuhamisha hedifoni kutoka tundu la mbele hadi la nyuma kumeokoa pesa za wengi. Mafundi wanaofahamu hili wapo, ila si rahisi fundi kumtoza mtu kwa kuhamisha waya.

Kusikiliza pasipo na kitu

Kipimo chenyewe hakihitaji elimu ya chuo kikuu. Mnunuzi aende na hedifoni zake mwenyewe, zile masikio yake yanazifahamu. Azichomeke, apandishe sauti hadi mwisho, asicheze chochote. Kadi nzuri haitatoa kitu. Kadi dhaifu itatoa sauti kama mvua nyepesi juu ya mabati ya nyumba ya tatu. Kisha asogeze kipanya huku na huku, afungue ukurasa mzito wa intaneti, anakili faili kubwa. Akisikia mlio mwembamba kama wa mbu unaofuata mwendo wa kipanya, huo ni umeme wa shughuli za kompyuta unaovujia kwenye njia ya sauti, na mbu huyo ataimba ndani ya kila wimbo utakaochezwa. (Ashushe sauti kabla ya kucheza wimbo. Wapo waliosahau, na hawasahau tena.)

Kama ni kipakatalishi, hatua inayofuata ni kuchomoa chaja. Mvumo mzito ukitoweka papo hapo, kadi haina hatia. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50, na mvumo huo ni umeme wa ukutani unaotafuta njia ya kwenda ardhini kupitia waya wa sauti. Nyumba ngapi za kupangisha huko Kapsoya, Huruma au Langas zina waya wa ardhini uliofungwa sawasawa? Ni wangapi hawajawahi kusukuma kalamu kwenye tundu la tatu la soketi ili plagi ya pini mbili ipate kuingia?

Hapa ndipo pesa za nyumba hupotelea. Kijana anarekodi wimbo, anasikia mvumo, anaambiwa kadi ni mbovu. Inanunuliwa nyingine, mvumo upo pale pale. Inanunuliwa ya tatu, ghali zaidi, na mvumo sasa unasikika vizuri zaidi. Mchawi anayesakwa sandukuni yuko ukutani. Mara nyingi dawa ni kuchomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja ili zishiriki ardhi moja, au kuweka katikati ya waya wa sauti kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha, kinachouzwa kwa bei ya vifaa hivyo hivyo vidogo. Yasiyofaa kabisa ni mazoea ya kukata pini ya ardhini. Mvumo utaisha kweli, na pamoja nao itaisha kinga ya mtu dhidi ya kupigwa na umeme.

Anayetaka ushahidi wa macho anaweza kuunganisha waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi la kuingizia, akarekodi sekunde 30 za kimya kwa programu ya bure ya Audacity, kisha akasoma kipimo. Kelele ikikaa karibu na desibeli 90 chini ya kilele, hapo pana kifaa cha kuaminika. Ikielea kwenye 60, sikio lilishajua kabla ya kipimo.

Sauti kubwa ni muuzaji hodari

Debe tupu haliachi kuvuma, na wauzaji wanalijua debe. Mteja akiomba kusikia tofauti, kifaa cha bei ya juu huchezwa kwa sauti iliyozidi kidogo na besi iliyoongezwa kwenye programu. Fletcher na Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha tangu 1933 kwamba sikio la binadamu husikia besi vizuri zaidi sauti inapopanda. Vifaa viwili vilivyo sawa kabisa, kimoja kikiongezwa sauti kwa kiasi kidogo tu, hicho kitasifiwa kuwa na "uzito" na "uwazi". Bila kusawazisha sauti hakuna ulinganisho, kuna mnada tu.

Dawa ya pili ni macho kufumbwa. Mnunuzi ageuke, rafiki abadilishe waya mara kumi bila kusema, naye akisie. Akipata tano kati ya kumi, angeweza kurusha shilingi hewani apate jibu lile lile. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Brad Meyer na David Moran, walichapisha matokeo ya jaribio kama hilo katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko sidii, wakaziwekea kizuizi cha kuzishusha hadi kiwango cha sidii, wakawauliza wasikilizaji, wakiwemo wataalamu wa kurekodi, waseme ni lini kizuizi kimewashwa. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, yaani asilimia 49.8. Tofauti ilipojitokeza, ilijitokeza sauti ilipopandishwa kupita kiasi, na kilichosikika kilikuwa kelele ya chini ya kizuizi chenyewe. Hata kwa wataalamu, basi, fumbo lilifumbuliwa na kimya.

Hii haina maana kwamba vifaa vyote ni sawa. Maana yake ni kwamba ubora ulishuka bei zamani na wengi hawakuarifiwa. Kile kiwaya cha Apple cha kuunganisha hedifoni kwenye tundu la USB-C, kinachouzwa dola 9 nchini Marekani, kimepimwa na wapimaji huru na kuonekana kushindana na vifaa vya bei mara kadhaa zaidi, ingawa kikichomekwa kwenye simu nyingi za Android sauti yake huwa ndogo. Kwa upande wa pili wa kaunta kuna kile kisanduku cha vitufe vya rangi kinachojulikana kama V8, kipenzi cha wanaotangaza mubashara mitandaoni: kitufe kimoja hupiga makofi, kingine hucheka, cha tatu humgeuza mwanamume kuwa mtoto. Kwa mchekeshaji ni chombo cha kazi. Anayekinunua ili kwaya yake isikike vizuri atapata makofi tu.

Kuna sababu moja ya haki ya kununua kifaa cha nje kwa ajili ya kusikiliza, nayo ni nguvu. Hedifoni nyingi za kawaida huwa na ukinzani wa omu 16 hadi 32 na tundu lolote huzisukuma. Zile za studio za omu 250 ni mzigo mzito. Kwenye kipakatalishi zitanong'ona. Lakini ni nyumba ngapi za Eldoret zina hedifoni za omu 250?

Wimbo wa kupimia

Kitu kingine kinachosahaulika ni chakula anachopewa huyo mkalimani. Spotify ilipoingia Kenya Februari 2021 ilileta toleo la bure ambalo haliendi juu ya kilobiti 160 kwa sekunde. Sidii ni 1,411. Saa moja ya kiwango cha sidii hula takriban megabaiti 635, na kwa wanaonunua bando kwa siku hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Wengine bado husikiliza nyimbo zilizonakiliwa kutoka simu hadi flashi hadi simu, zikiwa zimekamuliwa mara tatu njiani. Hakuna kadi inayorudisha maziwa kwenye kiwele.

Basi mtu apime kwa wimbo gani? Ushauri wa safu hii unaweza kuwashangaza wapenda besi: wimbo wenye sauti ya mtu na ala moja ya nyuzi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akiwa na vinasa sauti vyake, akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa chepkong, ala ya nyuzi, wimbo kuhusu Chemirocha, jina lililotokana na la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyefika vijijini kupitia santuri. Rekodi hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda (zamani Grahamstown), Afrika Kusini, na miaka ya karibuni nakala zilirudishwa Kapkatet kwa waimbaji na jamaa zao.

Rekodi ya 1950 ina kelele zake. Ndiyo faida yake. Kadi safi humpa msikilizaji vitu viwili vilivyotengana: mchakacho wa kinasa cha zamani upande mmoja, na upande mwingine wasichana wale, pumzi zao, vidole juu ya nyuzi. Kadi chafu huvikoroga viwili hivyo kuwa uji. Besi ya kutikisa madirisha haiwezi kumfichulia mtu jambo hilo, kwa sababu besi hufunika kila kitu, kosa la kadi likiwemo.

Nyayo nyuma ya ukuta

Wacheza gemu huwa na hoja yao. Katika Counter-Strike 2 au Valorant, anayesikia nyayo kwanza ndiye anayebaki hai, na kwa hiyo wanaamini kadi ya gharama ni silaha. Ila binadamu ana masikio mawili tu. Hutambua mahali sauti inatoka kwa tofauti ndogo za muda na nguvu kati ya sikio na sikio, na kwa namna umbo la sikio lenyewe linavyobadilisha mlio. Hesabu hizo gemu hizi huzifanya zenyewe kwa hedifoni za kawaida za njia mbili. Mchezaji akiwasha hesabu za gemu, kisha akawasha na zile "7.1" za kadi yake, nyayo huhesabiwa mara mbili na adui husikika kila mahali, yaani hasikiki popote. Wengi wanaolalamikia kadi wangepona kwa kuzima kitufe kimoja.

Kinachoua kweli ni ucheleweshaji, na mshukiwa mkuu ni Bluetooth. Hedifoni nyingi zisizo na waya huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 200 au zaidi. Tekken, gemu iliyompa Mkenya Sylvia Gathoni, almaarufu QueenArrow, mkataba na timu ya kimataifa mwaka 2018, huenda kwa picha 60 kila sekunde. Milisekunde 200 ni picha 12, muda unaotosha kupigwa na kuanguka kabla mlio wa ngumi haujafika. Tena maikrofoni ya hedifoni hizo ikiwashwa kwenye kompyuta, mara nyingi muziki wote hushuka hadi ubora wa simu ya kupiga. Mtoto hulaumu kadi, mzazi huingia mfukoni, na hedifoni ya waya iko kwenye droo.

Kwa wachezaji wa kandanda, ambao ndio wengi katika vibanda vya gemu mitaani, kadi haiongezi bao hata moja.

Kwaya chumbani

Hapa makala haya yanageuka na kusema: anunue. Mwimbaji wa injili anayerekodi chumbani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi anayetengeneza midundo hostelini, mtangazaji anayeandaa vipindi vyake mwenyewe, hawa wanahitaji kifaa cha nje, kwa sababu mbili zisizo na mjadala.

Ya kwanza ni maikrofoni. Zile za kondensa za studio huhitaji volti 48, na tundu la maikrofoni la kompyuta hutoa volti chache tu. Ndiyo maana maikrofoni ya kupendeza inayouzwa pamoja na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta husikika kama mtu aliye chini ya blanketi: anayerekodi hulazimika kupandisha sauti, na mvua ya mabati hupanda nayo. Ya pili ni muda. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu ya zile tarakimu, ambazo kila moja huitwa sampuli. Fungu la sampuli 1,024 ni milisekunde 23 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, kiasi cha kumfanya mwimbaji ajisikie amechelewa kila neno. Fungu la sampuli 128 hushuka hadi milisekunde tatu hivi kila upande. Kufika huko bila sauti kukatikakatika kunahitaji kifaa chenye programu nzuri ya ASIO, mfumo uliotolewa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997.

Kwa upande wa maikrofoni, vifaa kama Scarlett ya Focusrite au U-Phoria ya Behringer vinafanya kazi hiyo, na cha bei ya chini kati yao, UM2, ni cha biti 16 na kilohezi 48. Tarakimu zake ni sawa na za kile kifaa cha mia chache. Kilichoongezwa ni volti 48, kikuza sauti cha maikrofoni na tundu imara, mambo ambayo tarakimu za sandukuni hazina namna ya kuyaeleza. Hata hapo, blanketi mbili zilizotundikwa ukutani zitaisaidia rekodi kuliko kupanda daraja moja la bei.

Haki ya kuchomeka waya

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi alichonunua. Sheria ya Kulinda Wateja ipo tangu 2012. Na bado risiti hubandikwa onyo kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, na kisanduku kilichofungwa kwa plastiki hakifunguliwi mpaka kilipiwe. Muuzaji wa simu humruhusu mteja apige picha. Wauzaji wa sabufa huzipigisha barabarani hadi wapita njia wakaombe huruma. Kwa nini kadi ya sauti peke yake iuzwe kama mbuzi kwenye gunia?

Meza moja ingetosha: kompyuta moja ya mtumba, kifaa kimoja cha kila aina kilichofunguliwa, hedifoni moja ya waya. Gharama yake haizidi ya zile taa za rangi zinazometameta dirishani. Duka litakaloanza litapoteza mauzo machache ya wiki ya kwanza, kwa sababu baadhi ya wateja watagundua hawahitaji kitu. Hao hao ndio watakaorudi kununua hedifoni.

Suala hili halihusu starehe tu. Kijana anayesikiliza kwa kadi yenye kelele au hedifoni zinazovuja hupandisha sauti ili kuizima kelele. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75. Saa 40 ni nyingi? Likizo ya Agosti, kwa nyumba yenye gemu, zinaisha Jumatano.

Hadi meza hizo zije, anayetaka kupima aende dukani saa mbili asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado inawafungia watu ndani na sabufa za jirani hazijaamka. Mfukoni awe na hedifoni zake na flashi yenye nyimbo tatu anazozijua. Aombe kuchomeka. Akikataliwa, duka la pili haliko mbali. Akikubaliwa, apandishe sauti hadi mwisho na akae dakika nzima bila kucheza kitu, hata kama mhudumu ataanza kumtazama kwa jicho la pembeni na kumuuliza anasikiliza nini. Kama jibu la kweli ni "mbu", akirudishe sandukuni na aombe kile cha pili.